Nilivyoufua Mfuko wa Muhogo

Leo Jumamosi nimeumbuka. Nilichopoteza ni mfuko wa marehemu mama, na heshima kidogo mbele ya wanawake wa Ujiji.

Mfuko wenyewe haukuwa wa nailoni. Dada yangu Tausi yumo kwenye kikundi cha akina mama kinachouza mifuko iliyochanganywa na wanga wa muhogo. Ukiuchoka unaufukia kwenye migomba, unaoza. Alimpa mama yetu mfuko mmoja, naye akaupenda mno. Hakuubebea hata kitunguu. Aliukunja akauweka chini ya godoro, akawa anawaambia wageni, "Ule ni muhogo. Siku ya njaa tutausonga."

Alipozidiwa aliniambia, "Kitenge changu cha bluu mpe Mama Zabibu. Usimpe kama mtu anayerudisha sufuria. Kitie kwenye mfuko wangu." Mama Zabibu ni shoga yake, wameuza samaki wa migebuka pamoja tangu sijazaliwa. Mimi ni kitinda mimba. Kwetu sijawahi kuaminiwa hata kununua chumvi. Nikasema hili moja nitalifanya vizuri.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kugawa nguo za mama, nyumbani kwa Dada Tausi, Ujiji. Asubuhi nikautoa mfuko, nikaona una vumbi. (Kwetu Bangwe mfuko mzuri hautupwi, unafuliwa na kuanikwa. Mama ndiye aliyenifundisha.) Nikachemsha maji, nikatia sabuni, nikausugua kwa moyo wote. Ukavimba. Ukawa unateleza kama mlenda. Nikajua ni uchafu unatoka.

Nikauanika. Ulipokauka ukawa mgumu, ukiugusa unalia kama chapati ya juzi. Nikafurahi, nikadhani umerudi upya. Nikatia kitenge nilichokipiga pasi mwenyewe, nikashika njia ya Ujiji nimeukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Njiani manyunyu yakanipata, na jasho lilikuwepo. Upande wa kifuani nikahisi umekuwa laini tena. (Sikuuliza kwa nini. Mimi si mtu wa maswali.)

Nikawakuta akina mama mkekani, Mama Zabibu katikati. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini?"

"Mama alisema nisikupe kama ninayerudisha sufuria."

Nikanyoosha mikono. Mfuko haukuja. Upande mmoja ulikuwa umeganda kwenye shati langu jeupe. Upande wa pili ukapasuka kwacha, vipande vikamwagika mapajani kwa Mama Zabibu. Kitenge kikaanguka mkekani. Mimi nikabaki nimeshika kishikio.

Kuku akaja, akadonoa kipande, akaita wenzake.

"Uliufanya nini?" Dada Tausi akaniuliza.

"Niliufua."

"Kwa maji ya moto?"

"Na sabuni."

Akajishika kichwa. "Ule ni wanga, wewe. Ukiuloweka unakunywa maji, na kile kinachoulainisha kinatoka. Ukikauka unavunjika, ukilowa tena unanata."

"Si ulisema unaoza?"

"Nilisema kwenye migomba. Sikusema kifuani mwako."

Mama Zabibu aliinama, mabega yakaanza kutikisika. Tangu maziko maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, nikajua nimemliza. Nikaanza kuomba radhi. Alipoinua uso machozi yalikuwepo kweli, ila alikuwa anacheka hata hawezi kupumua.

"Shoga yangu alisema siku ya njaa atausonga," akasema. "Mwanawe kamsongea."

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, huku najibandua mfuko kifuani. Mama Zabibu akajifunga kitenge palepale, vipande vikiwa bado vimekinatia. Dada Tausi alipotaka kuvitoa akampiga kidogo mkononi. "Viache. Ni vyake."

Nikaokota vilivyobakishwa na kuku, nikavifukia kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nilipoaga, Mama Zabibu akaniita.

"Hilo shati lina madoa. Unakwenda kulifanyaje?"

"Nitalifua, mama."

Akanyoosha mkono. "Livue. Niachie mimi."

Nimerudi Bangwe na kanga ya Dada Tausi mabegani. Aliyeniona njiani, naomba anyamaze.