Safu ya Tatu Kushoto

Jumamosi, 24 Machi

Ushindi! Natoka mkutanoni sasa hivi. Wanawake waliiandikia jumuiya yetu barua, ati na wao waruhusiwe kuingia chini ya jukwaa la maandamano ya Ijumaa Kuu kuibeba sanamu ya Bikira shingoni. Thubutu! Nikasimama. Nikasema babu yangu alibeba, baba yangu alibeba, mimi Eleuterio Carmona nabeba, safu ya tatu kushoto, na shingo ya mwanamke Mungu ameiumbia mkufu. Makofi! Kura thelathini na moja kwa mbili. Moja kati ya hizo mbili ni ya padre, na yeye si mtu wa hapa.

Nyumbani nikamkuta mke wangu, Fuensanta, anapiga pasi shati langu. Nikamsimulia hotuba nzima, ile ya mkufu nikairudia. Pasi tu ilikuwa inagonga meza kwa nguvu. Kutwa anabeba madebe ya mafuta ya zeituni kwenye ghala la ushirika, labda amechoka.

Jumapili ya Matawi, 25 Machi

Nikiwa bado nina mori wa jana, nikamkuta jirani yetu, mjane Remedios, chini ya ngazi na mtungi wa gesi. Nikamwambia mama, weka chini, hiyo kazi ya dume. Nikaunyanyua kwa mkono mmoja! Ghorofa ya kwanza, safi. Ya pili, nikapiga na mluzi. Ya tatu, mgongo ukalia kacha! Nikaketi kwenye ngazi, kugeuka siwezi, kuinuka siwezi. Remedios, ana miaka sitini na nane, akaupandisha mtungi mwenyewe, kisha akarudi kunibeba mimi. Nimemwapisha asimwambie mtu. Ameapa huku anacheka.

Jumanne, 27 Machi

Naandika nikiwa chali sakafuni. Kitumbua changu kimeingia mchanga. Kanuni haina huruma: asiyeingia chini ya jukwaa Ijumaa Kuu, nafasi yake anapewa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Na wa kwanza ni nani? Saturio! Shemeji yangu, kaka yake Fuensanta. Miaka sita ananiombea niteguke.

Leo amekuja na maandazi ya asali. Kusalimia tu, ati. Amesikia kuna mtu alibebwa kwenye ngazi. Nikajifungia bafuni, Fuensanta akamwambia naoga. Mtu kakaa saa mbili nzima! Maandazi kayamaliza mwenyewe.

Nafasi ya baba yangu mikononi mwa Saturio? Sikubali, ng'o!

Fuensanta akasema kuna njia. Wabebaji tunapangwa kwa urefu, na mimi nimeandikishwa mita moja na sentimita sabini na nne. Yeye ana sabini na nne kamili. Mimi, bila zile soli za kizibo ninazoficha viatuni, nina sabini na moja, na anayejua ni yeye peke yake. Jukwaa lina mapazia mpaka chini, mtu huonekana nyayo tu. Kata ya gunia kichwani hushuka mpaka kwenye nyusi. Nani atamtambua? Nikamwambia labda nife kwanza. Akanitazama pale sakafuni, akasema haya, sioni kama umebakiza safari ndefu.

Alhamisi Kuu, 29 Machi

Nimekubali. Kwa masharti yangu, ieleweke! Asiseme, asikohoe, na siri hii azikwe nayo. Akasema ndiyo, mume wangu, kwa upole ulionitia wasiwasi. Nikataka kumfundisha kufunga kata. Akaifunga mwenyewe, haraka na kwa kukaza kuliko mimi. Akaniuliza kwani yangu miaka yote hii hufungwa na nani. Nikampa ushauri wa mwisho: pale kona ya Mtaa wa Wahunzi, ambapo kila mwaka tunakwaruza ukuta, asijitie ujuzi. Akwaruze kama kawaida.

Ijumaa Kuu, 30 Machi

Nimejificha kwenye ghala la ushirika tangu saa nane mchana. Nyumbani haiwezekani, roshani imejaa wakwe. Nafungua mlango polepole, nani kakaa juu ya pipa? Casimiro, mwoka mikate, safu ya pili! Na nyuma yake Gumersindo wa bucha, safu ya kwanza, mguu umemvimba kwa jongo. Casimiro akasema amekuja kuangalia kama mapipa yanavuja. Gumersindo naye, mapipa. Nikasema hata mimi. Tukayaangalia saa tatu nzima.

Mara ngoma. Tukakimbilia kwenye ufa wa mlango, yaani Casimiro alikimbia, mimi na Gumersindo tulijikokota. Jukwaa likaja taratibu, mishumaa haitikisiki. Likafika kwenye ile kona ya Wahunzi, mbele ya ghala. Likageuka kidogo kidogo, na ukuta halikuugusa! Mtaa mzima ukalipuka, watu wanalia, wanamwita Bikira mrembo, mrembo! Nikatunisha kifua kwa fahari. Safu ya tatu kushoto, ile yangu! Kisha nikakumbuka niko ghalani. Wivu ulinichoma, sifichi.

Casimiro alikuwa anafuta machozi. Akasema mke wake siku zote ana magoti mazuri. Halafu akakohoa, akarudi kwenye mapipa yake.

Jumapili ya Pasaka, 1 Aprili

Leo ndiyo siku ya wabebaji kushusha kola na kuonyeshana alama ya boriti shingoni. Nikajipaka maji ya bitiruti. Rangi safi kabisa! Kanisani kukawa na joto. Bitiruti likaanza kuteremka mgongoni. Saturio, benchi la nyuma, akaninong'oneza: shemeji, unavuja kachumbari. Nikageuka nimjibu, ndipo nikaona.

Fuensanta amefunga nywele juu. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijamwona akienda Misa shingo wazi. Na pale shingoni, alama: ya zambarau, pana, imevimba, ya kweli. Mbele yake mke wa Casimiro, nywele juu. Mke wa Gumersindo, juu. Nikahesabu shingo kumi na moja. Kumi na moja, na wabebaji tuko thelathini! Msimamizi wetu wa jukwaa, Don Baldomero, naye alikuwa anahesabu. Midomo ilikuwa inamcheza, na haikuwa sala.

Jumamosi, 7 Aprili

Mkutano wa dharura. Nilikuwa na hotuba mpya, tamu kuliko ile ya kwanza. Sikuimaliza. Don Baldomero akaniambia Eleuterio, geuka, shusha kola. Nikasema kola hii haishuki. Ukumbi ukacheka, mpaka padre!

Nyuma ya ukumbi, walikoingia wanawake, Fuensanta akasimama. Hakupaza sauti. Akasema hawakuja kuomba, barua waliandika na jibu walipewa. Wamekuja kutuarifu. Mwakani wataingia kwa majina yao, ama tubebe wenyewe na migongo yetu hiyo. Kwa jina la mume hawabebi tena hata kijiko. Wale kumi wengine wakasimama. Nikapiga kelele kwamba hayo ni mapinduzi. Fuensanta akasema ndiyo.

Kura ishirini na tisa kwa nne. Casimiro, msaliti, ndiye wa kwanza kunyoosha mkono! Kwenye daftari, safu ya tatu kushoto, wamemwandika Fuensanta Roldán. Saturio bado wa kwanza kwenye orodha. Mimi wa pili.

Njiani nikamwambia amenidhalilisha, ile ni nafasi ya baba yangu. Akasema anajua, na aliingia pale isipotee. Ila uzito aliusikia yeye, na nafasi hairudishi.

Jumapili, 8 Aprili

Don Baldomero kanipa kazi! Mwakani nitatembea kando ya jukwaa na gudulia la maji, niwanyweshe wabebaji wakitua. Mpaka sasa hiyo ilikuwa kazi ya wake zetu. Mwanzoni niliona ni tusi. Lakini leo nimelijaza gudulia nikalijaribu jikoni. Lo, zito! Linataka mkono imara, jicho kali, kifua. Wanawake wameibebaje kazi hii miaka yote? Bila shaka walikuwa wanaiharibu.

Nimeshaandika barua kwa jumuiya: gudulia libebwe na wanaume peke yao, daima, kama walivyolibeba mababu zetu. Casimiro ametia sahihi. Gumersindo ametia sahihi. Fuensanta naye ameisoma yote na kutia sahihi, bila kubisha hata neno moja. Nilijua tu, mwisho atanisikia.