Viazi Vyangu Havitapumua

Jumatatu, 10 Juni 1996
Mkutano wa kikundi. Bwana shamba Melkior kasema kiazi kitamu kikishang'olewa bado ki hai: kinapumua, kinakula utamu wake mwenyewe, ndiyo maana kinasinyaa. Sikungoja amalize. Kisipopumua, hakili! Kisipokula, hakisinyai! Jumapili kamati inakagua mashimo yetu ya kuhifadhia viazi, imchague msimamizi wa ghala la kikundi. Nani mwingine, kama si mimi? Jirani yangu Specioza kachomeka mwanzi kwenye shimo lake, ati viazi vipate hewa. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Jumanne, 11 Juni
Wazo limekomaa. Samaki wa Ugalla hawaozi kwa sababu ya chumvi. Basi! Nimeloweka viazi vyote kwenye maji ya chumvi ya Uvinza. Mke wangu Pudensiana kauliza kama napika au nazika. Kanikumbusha ndicho chakula cha watoto mpaka mvua. Ameniomba niache hata debe mbili nje. Nimekataa. Mwenye imani haweki akiba ya mashaka. Kisha nimevitia shimoni; shimo lenyewe linanizidi kimo. Juu nailoni, juu ya nailoni udongo. Hata sisimizi hapiti.

Alhamisi, 13 Juni
Udongo umepasuka. Nailoni imevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula mtama mbichi. Nimeingiza mkono kwenye ufa: joto! Specioza kapita, kanusa, kauliza napika pombe gani. Nimemjibu ni harufu ya maendeleo. Nimeongeza udongo.

Jumamosi, 15 Juni
Adhuhuri Pudensiana alikuwa kwaya. Nikafungua shimo kwa siri. Harufu ya pombe kali. Nikashusha kibatari kwa kamba nione. Kikazima. Nikawasha tena. Kikazima. Nikalaumu mafuta ya taa. Nikaweka ngazi, nikashuka.
Nikafika kipago cha nne cha ngazi. Nilivuta pumzi, kifua kikajaa, na bado nilikuwa kama sijavuta kitu. Nilitaka kuita. Sauti haikuja. Nikapitisha mkono kwenye ngazi, nikamwona kama ndotoni binti yangu Matilda akila ugali mtupu. Halafu giza.
Nilizindukia juani. Specioza alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, kanishika kola kwa mikono miwili. Pudensiana, katoka kwaya, anamvuta yeye miguu. Mke wangu amesema alipotaka kushuka kunifuata, Specioza alimzuia: wangekufa wawili.
Specioza alihema kwanza, ndipo akaniambia, "Shemeji, taa imekuambia humo hakuna hewa. Na wewe unabishana na taa?"
Pudensiana aliipandisha ngazi, akaibeba kwenda nyumbani bila kunitazama. Hilo ndilo lililoniumiza.

Jumapili, 16 Juni
Kamati imekuja. Viazi vimekuwa uji. Melkior alikichoma kimoja kwa kijiti, kikamwagika. Kaeleza mbele ya watu wote: kiazi kikinyimwa hewa hakikomi kuishi, kinauchoma utamu wake upesi zaidi na kutoa pombe. Na chumvi kwanza inakifanyisha kazi mara mbili, kisha inakiumiza. Kasema aliyaeleza hayo yote Jumatatu, mwishoni.
Specioza kachaguliwa bila kupingwa. Viazi vyake vinang'aa. Jioni kaleta debe tano, kamkabidhi Pudensiana mkononi. Mke wangu kalia. Mimi nikajifanya natengeneza baiskeli. Aibu, aibu tupu.

Jumatatu, 17 Juni
Nimetafakari. Kosa si langu. Viazi vile vilikuwa na tabia mbaya tangu shambani.
Luhende, yule mfugaji wa ng'ambo ya reli, kaja kuulizia namna ya kuhifadhi muhogo wake. Kasikia habari zangu nusunusu. Nimemwambia kwa unyenyekevu kwamba hapa Mpanda ni mimi peke yangu niliyeingia shimo lisilo na hewa nikatoka mzima. Mtaalamu mwingine atampata wapi? Muhogo una ganda gumu, utavumilia. Nimemshauri achimbe kimo cha watu wawili.
Ameanza asubuhi hii.