Seva na Kitambaa cha Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Balaa! Seva, ile kompyuta kuu ya ushirika wetu wa zabibu, imeungua. Nimefungua mlango asubuhi, moshi chumba kizima. Majina ya wanachama wote yamo humo, na mkutano mkuu ni Ijumaa! Meneja, Mzee Nathanaeli, akauliza kulikoni. Nikasema umeme. Yudith wa uhasibu akainua kile kitambaa cha kufuma nilichoifunikia seva, kimeungua katikati, akasema nimeziba matundu ya hewa. Wivu tu. Kitambaa kafuma mama mkwe wangu wa Mkonze kwa mikono yake. Na vumbi la Dodoma je? Hata redio yangu nyumbani hulala imefunikwa.

Jumanne, 7 Septemba

Meneja katoa mashine nyingine, ya kampuni tofauti kabisa. Kasema majina yasiporudi kabla ya mkutano, ufunguo wa chumba cha kompyuta anampa Yudith. Ufunguo wangu! Bila huo mimi ni Castory tu. Bahati nzuri nina kanda ya akiba, nakala ya seva nzima, mfumo na mafaili. Yudith kashauri niweke mfumo mpya kwanza, kisha nirudishe mafaili peke yake, maana mashine hii si ile. Nani kamuuliza? Nimemimina kanda yote kama ilivyo.

Jumatano, 8 Septemba

Imewaka! Ikatafuta diski ya zamani, haikuiona, ikazimika. Ikawaka, ikazimika. Kutwa nzima. Meneja alipochungulia nikamwambia inazoea mazingira.

Alhamisi, 9 Septemba

Akili ni mali. Nimechomoa kadi inayoendesha diski kwenye seva iliyoungua niipachike kwenye mpya. Ikagoma. Nikaazima tupa kwa Silvano, fundi baiskeli, nikaichonga pembeni. Ikaingia. Cheche! Umeme ukakatika jengo zima. Nikajifungia msalani. Nilipotoka umeme umerudi, Yudith kakalia kiti changu, kadi kaitupa kando, anaweka mfumo mpya. Mashine imepona, Mungu mkubwa.

Ijumaa, 10 Septemba

Majina yote yamerudi. Wanachama wakapiga makofi. Meneja akaninyooshea mkono, anataka ufunguo. Roho ikanipasuka. Yudith, kumbe ana utu, akamsihi aniachie, yeye kazi zake zinamtosha, mradi kitambaa kile kisirudi. Nikaapa mbele ya wote, machozi yakinilengalenga.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimeingia ofisini peke yangu. Maskini seva! Iko uchi, vumbi tele mgongoni. Mimi niliapia kitambaa kile, nacho kimeshaungua. Hiki nilichoifunika sasa ni kingine, mama mkwe kakifuma juzi, kizito, kina maua. Imependeza! Nimeigusa, ina joto kidogo. Afya hiyo.