Mhakiki Wenu Aliivua Miwani

Kwako Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Filamu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote mnaobanana katika chumba hicho cha habari, pamoja na yule dada wa mapokezi aliyeniambia kwenye simu kwamba malalamiko hupokelewa kwa maandishi tu. Haya, maandishi ndiyo haya.

YAH: MHAKIKI WENU AFUTE KAULI JUU YA FILAMU YA "WODI YA MWISHO"

Mimi ni fundi miwani. Nina duka dogo mkabala na ukumbi wa sinema, na kazi yangu ni kupima macho, kukata lenzi, na kuwabembeleza wanaume wazima wakubali kwamba kutoona vizuri si ushujaa. Si mtu wa kugombana na magazeti. Gazeti lenu nalisoma, na likishachakaa nawafungia wateja fremu zao nalo, kwa hiyo tuna uhusiano wa muda mrefu na wa heshima.

Juzi mhakiki wenu, huyo mnayemwita Jicho Kali, aliandika kwamba filamu ya "Wodi ya Mwisho", iliyotokana na gemu la kutisha la jina hilohilo, ni jeneza lisilo na maiti. Akaipa nusu nyota. Akafafanua kwamba hata hiyo nusu ni ya yule kijana aliyezima taa za ukumbi kwa wakati. Akamalizia kwamba la kuvunda halina ubani, na kwamba filamu hii haiwezi kumtisha hata panya aliyekuwa akipita chini ya viti.

Siku nyingine ningecheka nikageuza ukurasa. Lakini mwenye ukumbi ameikata makala hiyo na kuibandika kwenye dirisha la tiketi, akidhani ni sifa kwa sababu ina picha kubwa. Watu wanakuja, wanaisoma, wanacheka, wanarudi makwao. Sasa ametangaza kwamba Ijumaa filamu inaondolewa. Ndugu Mhariri, filamu hiyo ikiondolewa nitakayeumia ni mimi. Sababu nitaifikia. Kwanza tuelewane juu ya haki, maana wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Naomba pia nilitaje jambo moja mapema, msije mkasema niliwaficha. Jicho Kali ni mume wangu.

1. Mhakiki hakuitazama filamu.

Najua alikuwepo, nilikaa naye. Miwani anayovaa nimeikata kwa mikono yangu. Bila miwani hiyo mume wangu hawezi kutofautisha mlango na kabati. Asubuhi moja alilisalimia koti langu lililokuwa limetundikwa ukutani, akaliuliza kama chai iko tayari, kisha akanuna kwa kutojibiwa. Basi mara tu Sista Mkuu alipotokea (huyu ni mzimu wa muuguzi mkuu, anazunguka wodini akisukuma kitoroli cha dawa chenye gurudumu linalolia), mhakiki wenu aliivua miwani, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Hakuivaa tena mpaka taa zilipowashwa. Mtu huyohuyo ameandika aya nzima juu ya "rangi zilizofifia" na "sura za waigizaji zisizo na hisia yoyote". Sura zipi? Alichokuwa anakitazama ni ukungu. Nakubali kwamba ukungu una rangi zilizofifia.

2. Kuhusu chumba cha kuhifadhia.

Hapa ndipo mhakiki wenu alipowachekesha watu, akashangiliwa, akapigiwa simu za pongezi. Kwa wasiocheza gemu nitaeleza. Mchezaji ni muuguzi wa zamu aliyefungiwa hospitalini pamoja na Sista Mkuu. Kuna chumba kimoja ambacho mzimu hauingii. Ukifika humo unavuta pumzi na kuhifadhi mchezo wako, ili ukifa baadaye usirudi mwanzo kabisa. Wachezaji hukiita chumba cha kuhifadhia. Waliotengeneza filamu, inavyoonekana, hawakuwahi kuligusa gemu lenyewe. Walipewa maelezo kwenye karatasi, wakasoma "chumba cha kuhifadhia", wakajiuliza hospitalini huhifadhiwa nini, wakajijibu. Kwa hiyo katika filamu, kila yule muuguzi wa zamu anapofukuzwa na mzimu, anakimbilia mochwari. Anafunga mlango, anaegemea droo za maiti, anatabasamu, anasema, "Afadhali, hapa ni salama."

Mhakiki wenu ameliita hili kosa lisilosameheka. Mimi naliita hekima. Nitajie sehemu nyingine ya hospitali ambayo mtu anaweza kupumzika. Mapokezi utaulizwa kadi. Wodini utaulizwa wewe ni nani wa mgonjwa. Dirisha la dawa utaambiwa subiri, na aliyekwambia atatoka na mkoba wake. Mochwari hakuna anayekusukuma kwenye foleni, hakuna anayekukoholea kisogoni, na wote waliomo wameshahudumiwa. Ni filamu ngapi zimethubutu kusema ukweli huo?

3. Mhakiki ana upande.

Upande wenyewe ni mama yake. Mama mkwe wangu, mkunga mstaafu, alikuja kwetu kuuguza goti. Ili asichoshwe na kukaa tulimpa mashine ya gemu iliyoachwa na mpangaji wetu wa zamani, tukidhani atacheza ule mchezo wa kupanga matunda. Akachagua "Wodi ya Mwisho". Goti lilipona zamani. Yeye bado yuko sebuleni. Mtu aliyezalisha nusu ya mtaa huu hababaishwi na korido yenye damu, humfokea Sista Mkuu kama mwanafunzi aliyechelewa kazini: "We mama, hicho kitoroli si ukitie mafuta, wagonjwa wamelala!" Ukitoka nyumbani hakuambii kwaheri, anakwambia, "Hifadhi kwanza." Siku niliyogombana na mume wangu juu ya mapazia, alikatiza katikati yetu kwenda jikoni, akasema, "Wanangu, mlihifadhi lini mara ya mwisho? Maana hapa naona mnakufa."

Mama huyu aliitazama filamu kabla yetu. Alirudi hakula. Kile chumba chake kitukufu, ambamo amepumua miezi yote hii, kimegeuzwa mochwari! Akamwita mwanawe akamwambia, "Baba, ukiandika neno zuri moja juu ya uchafu ule, katafute mama mwingine." Nakuuliza, Ndugu Mhariri, kilichochapwa kwenye gazeti lako ni uhakiki, au ni mtoto mwenye adabu?

4. Hii nimeifuta. Ilimhusu mama mkwe tena, naye anapitapita nyuma yangu akijifanya anatafuta rimoti.

5. Kuhusu hizo "kasoro ndogondogo".

Mhakiki amefanya mzaha (kwa kusimuliwa na mama yake, maana miwani ilikuwa mfukoni) kwamba simu iliwaka mfukoni mwa Sista Mkuu. Kwani muuguzi mkuu akifa zamu inakwisha? Muulizeni muuguzi yeyote. Amelalamika kwamba kivuli cha mtu aliyeshika maikrofoni kilionekana ukutani. Katika jengo lililojaa mizimu, kivuli kimoja cha ziada kinamkera nani? Na kuhusu kile kichwa cha daktari kilichokatwa, ambacho kiliendelea kupepesa macho mezani, nazungumza sasa kama mtaalamu: macho makavu ni hatari, na kupepesa ni afya. Daktari yule alifuata ushauri mpaka mwisho.

6. Filamu inatisha, na ushahidi ninao.

Hili ndilo lalamiko lenyewe. Yote niliyoandika huko juu yalikuwa hodi tu.

Sista Mkuu alipotokea, mume wangu alinishika mkono.

Sijui kama umeoa, Ndugu Mhariri, na sikuulizi. Sisi si watu wa ugomvi, ukiacha mapazia. Tunaishi vizuri. Ananiachia upande wa kitanda ambao springi haijachomoza, nami namkatia lenzi nyembamba asionekane mzee. Lakini kushikana mikono kulikwisha bila tangazo, kama vile gazeti linavyoacha safu fulani na msomaji asigundue mpaka siku atakapoitafuta. Tukawa tunatembea mmoja mbele mwingine nyuma, kila mtu na mfuko wake, kama watu waliokutana sokoni na kugundua wanaelekea njia moja. Kutwa nzima nagusa nyuso za wateja, nawarekebishia miwani masikioni, nawapangusia pua ili fremu isiteleze. Nikirudi nyumbani hakuna anayenigusa mimi hata kwa bahati mbaya. Niliumia, na sikusema, kwa sababu mtu anasemaje jambo kama hilo? Anaanza na neno gani?

Basi pale ukumbini gurudumu likalia, na mkono wake ukaja. Haukupapasa, haukuuliza. Vidole vikaingia katikati ya vidole, vikakaa hapo hadi mwisho, hata wakati wa majina ya mafundi umeme, ambayo hakuna binadamu anayeyasubiri. Nilikaa kimya kabisa, nisije nikaufukuza. Kusema kweli sikumbuki Sista Mkuu alifanywa nini. Labda walimpa uhamisho.

Taa zilipowashwa akauchukua mkono wake, akavaa miwani, akasema, "Upuuzi mtupu." Akaenda kuwaandikieni nusu nyota.

Sasa tupige hesabu ya akili. Huyu ni mwanamume aliyewahi kukoroma katika filamu za mizimu zinazosifiwa kila mahali, mpaka watu wa mbele wakageuka. Ni mtoto wa mwanamke anayemfokea Sista Mkuu kwa ajili ya mafuta ya kitoroli. Na filamu hii imemfanya amng'ang'anie mkewe mwanzo mpaka mwisho. Basi inatisha kuliko zote hizo, na inalishinda gemu lenyewe, maana gemu halijawahi kumfanya mtu wa nyumba yetu anishike chochote. Filamu inayoweza kumrudishia mke mkono wa mumewe haistahili kukaa ukurasa wa filamu. Ihamishieni ukurasa wa afya.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu Jicho Kali afute kauli. Nyota zipande hadi nne, ile ya tano tuikate kwa sababu ya simu. Mwenye ukumbi aelezwe kwamba Ijumaa ni mapema mno. Na waliotengeneza filamu waambiwe sehemu ya pili ianze mara moja, iwe ndefu, na mzimu uwe na sura mbaya zaidi. Ningependa pia mhakiki wenu asitumwe tena kwenye filamu za mapenzi. Hizo huzitazama amekunja mikono. Mpeni za kutisha peke yake, tiketi mbili kila mara, mpaka atakapostaafu.

Mkikataa, itanibidi nimkatie lenzi za mtu mwingine na tuone hakiki zake zitakavyokuwa. Ingawa sina hakika kama wasomaji wataona tofauti.

Wasalimie mchora katuni, wapiga chapa, na mtunga chemshabongo, ambaye mwambie mimi simlaumu, kila mtu hukosea mji mkuu siku moja. Msalimie na dada wa mapokezi. Mama mkwe naye anawasalimu na kuwapongeza kwa uhakiki mzuri, jambo ambalo nimeliandika hapa kwa shingo upande.

Ni mimi, kwa heshima zote na kwa hasira yenye adabu,

Fundi Miwani,
Mkabala na ukumbi wa sinema.

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha, mume wangu akaiomba barua hii aipitie, "nione makosa ya herufi tu." Alisoma amesimama. Akaniongezea koma hapa na pale, akacheka kwenye koti, akaguna kwenye mama yake. Alipofika namba sita akakaa chini. Kisha akasema, "Mke wangu, mimi sikuogopa kitu pale. Nani aogope mzimu wenye simu? Nilikuwa natafuta pa kuanzia tangu zamani, nikawa naona aibu, nikadhani na wewe hutaki. Lile gurudumu lilipolia nikasema moyoni, haya, hata akiniuliza leo nina kisingizio." Nikamuuliza, na miwani je? Akasema, "Ya nini? Kule mbele hakukuwa na cha kutazama."

Nimelipima jambo hili kwa haki, Ndugu Mhariri. Kama hakuogopa, basi filamu haitishi. Kama haitishi, uhakiki ulikuwa sahihi, na ile nusu nyota ilikuwa ukarimu. Naondoa malalamiko yangu yote, pamoja na lile nililolifuta. Filamu ni mbovu, kila neno baya lililosemwa juu yake ni halali yake, na mwenye ukumbi aiondoe leo, Ijumaa ni mbali. Niwie radhi kwa mwandiko wa aya hizi za mwisho. Naandika kwa mkono wa kushoto; wa kulia hauna nafasi.