Mkwe Wangu Ameuona Mgongo Wangu

Mkata, Handeni
9 Oktoba 1946

Kwa Bwana Daktari wa Serikali, Korogwe.

Bwana Daktari Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama uliugua, basi ulitibiwa na mtu ambaye hujamwoza binti yako. Mimi ni mzima kabisa. Hilo ndilo ninaloshitakia.

Naitwa Mashavu binti Mhina, mke wa Mbaruku, mkulima wa mahindi na muhogo hapa Mkata. Maneno haya ni yangu. Mwandiko ni wa Bibi Batul, mke wa Nurmohamed mwenye duka, ambaye kila mara anaweka kalamu chini ili acheke, nami namngoja. Ninayemshitaki ni dresa wako, yule mtibabu msaidizi wa dispensari ya hapa. Jina lake silitaji, kwa kuwa amemwoa binti yangu Zamda, na mkwe hatajwi jina. Utamjua tu. Ni mmoja, mrefu, ana baiskeli.

Usidhani namchukia. Kwa miaka sita sijaona mkwe aliyelelewa vizuri kama yeye. Tukikutana njiani hushuka baiskeli, akaingia kichakani mpaka nipite. Mwaka jana nilisimama njiani kuzungumza na jirani yangu, kumbe mkwe wangu kajificha penye siafu. Hakutoka, wala hakutoa sauti. Nilijisifu kwa habari hiyo hadi Magoma. Mkwe wa namna hii ndiye mliyeniharibia kwa kumfundisha kazi.

Mwezi uliopita tulikuwa matangani. Tulilala watu arobaini katika nyumba yangu, mlango umefungwa na matundu yamezibwa matambara, kama watu wenye heshima wanavyolala msibani. Siku ya nne nikapata homa, kichwa kikataka kupasuka, nikatapika, mwanga ukawa adui yangu, na shingo ikakakamaa hata kidevu kisiweze kugusa kifua. Wengine walisema nimerogwa. Mbaruku, ambaye hapendi kufanya mambo kwa haraka ya mwisho, alikwenda dukani akakatisha sanda. Ndipo mkwe wangu alipofika na kusema ni homa ya uti wa mgongo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliingia chumbani mwangu. Nakiri alipiga hodi, akanipa shikamoo akiwa ameelekea ukutani. Lakini mtu aliyeelekea ukutani hawezi kudunga sindano, kwa hiyo aligeuka.

2. Aliwaamuru wanawake wanilaze ubavu na kunikunja magoti mpaka kifuani, akaufunua mgongo wangu, akapenyeza sindano ndefu katikati ya mifupa. Zamda anasema alikuwa akirudia, “Mama, nisamehe.” Mimi sikuwa na fahamu, sikumsikia, kwa hiyo bado sijamsamehe.

3. Maji yaliyotoka alikinga kwenye kichupa, akakiinua juani watu wote wakaona. Wanasema yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, na kwamba maji ya mtu mwenye afya huwa maangavu kama ya chemchemi. Sasa Mkata nzima inajua rangi ya maji yangu ya ndani. Kichupa sijarudishiwa.

4. Alinipa vidonge vyeupe kila baada ya saa nne, pamoja na maji mengi, kwa madai kwamba vidonge hivyo vikikosa maji huziba mkojo. Kisha akataka kujua nimekojoa mara ngapi. Kwa heshima hakuniuliza mimi. Alisimama uani, akamwuliza Zamda kwa sauti, na majirani wakajibu.

5. Alitoboa ukuta wangu kwa jembe akasema ni dirisha, kwa kuwa ugonjwa huu huruka kwa pumzi na kukoholeana penye msongamano. Aliwapa vidonge wote waliolala nami, akatutenga kitanda na kitanda, na matanga akayapiga marufuku. Nakubali kwamba nyumbani kwangu hajaugua mwingine. Lakini mbuzi sasa huingiza kichwa tukiwa tunakula, na pazia tulilotundika ni ile sanda yangu.

6. Mgongo wa mwanamke mtu mzima huonwa na watu watatu: mama aliyemzaa, mume aliyemwoa, na mwosha maiti. Mkwe wangu si mama yangu. Kuwa mume wangu hawezi, Mbaruku amekataa. Basi amenifanya maiti, nami kwa desturi ni marehemu ambaye bado anapika. Nilimwuliza mwalimu wa madrasa kama marehemu wa namna hii anadaiwa swala tano. Alitoka nje kukohoa, hajarudi mpaka leo.

Kwa hiyo naomba Serikali imhamishe dresa huyu, apelekwe mahali ambapo hakuna mkwe wake hata mmoja. Tena itungwe sheria kwamba madresa wote waoe mayatima. Aibu hii ikiachwa, kesho kila mama mkwe atakuwa hai, na adabu itakuwa imekufa nchi nzima.

Wasalimie wote hapo Korogwe, makarani na wapishi. Msalimie mkeo, na hasa mama mkwe wako popote alipo. Mwambie asikubali kuugua ukiwa karibu.

Ni mimi, niliye hai kinyume cha adabu,
Mashavu binti Mhina

Nyongeza. Barua hii imekaa siku mbili ikingoja lori. Jana asubuhi mjukuu wangu Swaumu, mwenye miaka minne, mtoto wa Zamda na wa huyo ninayemshitaki, alikataa uji na kugeuza uso asione mwanga. Nilijaribu kumwinamisha kichwa, shingo ikagoma. Baba yake alikuja na sindano, akasimama tu, mkono umemshinda. Nilimkunja mtoto mimi mwenyewe, nikamshika kichwa na magoti, nikasema, “Dunga, mwanangu.” Tulikaa goti kwa goti na hakuna aliyeona haya. Sijawahi kuogopa vile tangu nizaliwe. Leo ameketi, ameomba uji, amelalamika kwamba hauna sukari. Vidonge vimebaki vya kuwatosha wagonjwa wawili, na waliolala dispensari ni watano. Tafadhali tuma vingine kwa lori hilihili likirudi. Dresa asiguswe. Na kama karani wako ameshaandika kwamba ni lazima mtu ahamishwe kutoka Mkata, mwambie aweke jina langu.