Kamati ya Kukunja Ulimi

"Wananchi na wadau wote wa machimbo, mnatangaziwa kwamba kuanzia leo uongozi ni suala la ulimi!"

Tangazo hilo nililisoma mimi, Herman, Katibu wa Kamati. Makarasha ya kusagia mawe yalizimwa ili lisikike hadi chini mashimoni.

Chanzo chake kilikuwa cha kisayansi kabisa. Daktari Raudha, mtafiti wa chuo kikuu, alifika machimboni kwetu, mbele kidogo ya Mwakitolyo, kukusanya mate. Alichunguza vinasaba: tunatofautianaje, na tunarithi nini kwa wazazi. Alipoombwa mfano, akasema wapo wanaoweza kukunja ulimi ukawa kama mfereji, na wapo wasioweza; watu wengi huamini ni jambo la kurithi.

Alitaka kuendelea, lakini Mwenyekiti wetu, Deusdedit Maige, alishautoa ulimi wake, umejikunja barabara.

"Inatosha, Daktari," alisema. "Mengine tutayafanyia kazi."

Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Mpinzani wake, Zakia, mwenye karasha, alipendwa mno na wachimbaji. Kamati ikamwita kwa upimaji shirikishi, nami nikammulika kwa tochi ya simu.

"Toa tena."

"Nimetoa mpaka koo linaonekana, Herman!"

"Tatizo si urefu, dada. Tatizo ni nasaba."

Akaenguliwa. Wachimbaji wakaacha sururu, wakawa wanapanga foleni kwenye vioo vya bodaboda kujifunza kukunja. Dhahabu ilipungua, ila mwamko uliongezeka.

Siku ya kumpitisha Mwenyekiti bila kupingwa, yeye mwenyewe alimwalika Daktari Raudha, akawaleta na wazazi wake jukwaani, umma uione chemchemi ya uongozi. Mzee Maige akatoa ulimi. Ulilala bapa kama kandambili.

"Jitahidi, mzee wangu," nikamsihi.

"Ndio wote huu."

Tukamgeukia mama yake, Mbuke. Bapa vilevile.

Kisha mchimbaji mmoja akauliza kutoka nyuma, kwa nia njema tu, "Sasa Mwenyekiti ulimi kautoa wapi?"

Wazee wote wa rika la Mzee Maige wakafumba midomo haraka, ndimi zao zisionekane.

"Deusdedit!" Mama Mbuke alikwishavua kiatu. "Umeniita huku unidhalilishe mbele za watu?"

"Hapana, mayu, mama yangu! Daktari, tafadhali, malizia yale maelezo."

"Wasiokunja huzaa wanaokunja, kila siku," alisema Daktari Raudha. "Ulimi hauthibitishi baba wa mtu. Wala uongozi wake."

"Usiseme wewe, binti yangu," Mama Mbuke akamkatiza. "Aseme huyu. Kwa kipaza sauti."

Mwenyekiti akakishika. "Ndugu wananchi, ulimi ni nyama tu."

"Sauti!"

"Ulimi ni nyama tu! Hauna ukoo wala cheo!"

Shangwe zililipuka. Zakia akasogea mbele. "Shikamoo, mama. Kwa hiyo na mimi nagombea?"

"Marahaba. Muulize mwanangu."

Mwenyekiti alikitazama kiatu. "Gombea," akasema.

Tukapiga kura papo hapo kwa kunyoosha mikono. Mimi nilimpa Zakia, kwa kuzingatia matokeo ya utafiti. Lakini naomba ieleweke kwamba sikuwa wa kwanza. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Mama Mbuke; alikuwa amemshika mumewe kiwiko, akiunyanyua na mkono wa mzee.