Pipa Lililoongea Bila Kibali

Umma unaarifiwa, kwa furaha isiyo na makelele, kwamba Idara ya Utulivu wa Vinywaji imetimiza mwaka mmoja tangu iundwe. Ninayeandika ni Mkaguzi Mwandamizi, daraja la pili. Nilianza kwa kufagia ofisi hizi miaka mingi iliyopita, zikiwa za idara nyingine, nikapanda kwa masomo ya jioni, kwa hiyo ninachosema nimekisoma.

Kabla ya Idara, hali ilikuwa ya aibu. Soda zilipiga kelele mbele ya wakubwa. Maziwa yalipanda kwenye sufuria bila kuomba ruhusa. Ndipo Mkurugenzi wetu akatunga Kanuni ya Tisa kwa mkono wake mwenyewe: "Chombo chochote chenye kinywaji, kikitoa sauti, kitatiwa lakiri pale sauti inapotokea, bila kujali ukubwa, umbo wala cheo cha mwenyewe." Naijua kwa moyo kuliko siku yangu ya kuzaliwa, ambayo hata hivyo ilikadiriwa tu.

Likaja suala la shemeji yangu.

Huyu ni mjane wa mdogo wangu. Mtaani wanamwita Mama Kimea, kwa kuwa anatengeneza bia katika banda ambamo marehemu alikuwa akiegesha gari. Huloweka shayiri mpaka iote, akaikausha, akaisaga, akaikoroga katika maji ya moto yasiyochemka hadi yawe matamu. Kisha huchuja na kuchemsha saa nzima. Maua makavu ya hopsi huyatia mara mbili: mwanzoni kwa ajili ya uchungu, mwishoni kwa ajili ya harufu. Ikipoa hutia hamira, hufunika, hungoja. Wanaoinywa husema humfanya mtu amsifu hata mkwewe.

Leseni yake ilikuwa inakwisha Ijumaa. Bila muhuri wetu banda lingefungwa, na banda hilo ndilo linalowaweka shuleni watoto watatu wa marehemu.

Jumanne nilikwenda kukagua, nikiandamana na Mkurugenzi. Pipa lilisimama pembeni, mfuniko wake umekazwa kwa pete ya chuma. Mpira mwembamba ulitoka kwenye mfuniko na kuzama katika chupa ya maji, na kila baada ya nukta mbili maji yalisema: bwab.

Mkurugenzi alitega sikio. "Nani huyo anaongea?"

"Hamira, mzee," shemeji akasema. "Inakula sukari, inacheua. Hewa inatokea hapo, na uchafu hauingii."

"Ina kibali cha kucheua?"

"Mtoto mchanga naye hana, na anacheua."

"Mtoto mchanga yuko chini ya wizara nyingine."

Hilo nililiandika, maana lilikuwa na uzito.

"Itanyamaza lini?" Mkurugenzi akauliza.

"Yenyewe? Jumamosi."

"Leseni yako inakwisha Ijumaa."

"Basi mwambie Ijumaa angoje kidogo."

Mkurugenzi hakucheka. Kucheka kuko chini ya kamati. "Mkaguzi," akasema, "Kanuni ya Tisa."

Niliukunja mpira, nikaufunga kwa waya mara nne, nikawasha mshumaa na kudondosha lakiri nyekundu juu ya fundo. Bwab ikakoma. Shemeji akanivuta kando.

"Shemeji, wewe si umesoma? Aliyeshiba ukimziba hivyo, hewa itatokea wapi?"

"Kwa utaratibu," nikamjibu.

"Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu asiyesikia la mdogo, huvunjika nini?"

Sikuwa na fomu ya swali hilo. Lakini jioni hiyo hiyo nilimwandikia Mkurugenzi barua ya tahadhari. Kutoka meza yangu hadi yake ni hatua kumi na mbili. Kwa kupitia masjala ni siku tatu za kazi.

Wakati barua ikisafiri, Mkurugenzi aliagiza pipa lipelekwe ofisini kwake kama kielelezo cha mafanikio. Likawekwa dirishani, juani, wageni walione vizuri. Alilipigapiga mgongo akisema, "Sikilizeni. Laiti mke wangu angekuwa hivi." Mimi niliona mfuniko umevimba kidogo katikati, kama shavu la mtu anayezuia kicheko msibani. Nikaliandikia na hilo barua.

Ijumaa asubuhi tulikusanyika ofisini humo kuadhimisha mwaka mmoja. Shemeji naye aliitwa, ili anyimwe leseni mbele ya mashahidi. Mkurugenzi aliligeuzia pipa mgongo, akakohoa, akaanza.

"Ndugu wafanyakazi, mwaka huu tumethibitisha kwamba hakuna kinachochacha ambacho hakiwezi kutulizwa."

Pipa halikungoja makofi.

Mfuniko uligonga dari, ukarudi na saa ya ukutani. Lita arobaini zilipanda pamoja, zikatafuta pa kushukia, zikamchagua Mkurugenzi. Zilimwingia kwenye kola, zikatokea kwenye suruali, zikajaza viatu. Povu lilining'inia sikioni mwake kama herini.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa tarishi, ameleta barua yangu ya Jumanne. "Sahihi hapa, mzee," akasema.

Shemeji alichovya kidole mezani, akaonja. "Hopsi zimekaa vizuri," akasema kwa huzuni. "Ilibaki siku moja tu."

Hapo Mkurugenzi akaanza kupiga kelele: banda livunjwe, mjane akamatwe, hamira yote nchini itiwe ndani. Mimi nilikuwa na kazi. Nilipiga magoti kando ya pipa, nikaingiza kichwa, nikasikiliza dakika tatu kama mwongozo unavyotaka. Tupu. Kimya kabisa. Nikaandika "tulivu", nikaigongea fomu ya leseni ya shemeji muhuri. Ilibaki sahihi moja, ya Mkurugenzi.

"Unagonga nini, mzee wewe?" Mkurugenzi akanguruma.

"Pipa limefaulu, Mkurugenzi. Ila kinywaji kimehamia chombo kingine, na sheria inanitaka nikifuate."

Nilimkagua kuanzia chini. Viatuni, kinywaji kilikuwemo. Mfukoni mwa koti, kilikuwemo. Sauti, ilikuwepo, tena kubwa. Nikafungua kitabu na kusoma Kanuni ya Tisa polepole, hasa pale penye "bila kujali ukubwa, umbo wala cheo". Kisha nikatoa kijiti cha lakiri.

"Shemeji," nikasema, "una kiberiti?"

"Ninacho, shemeji. Sikosi."

Nikawasha mshumaa. Mkurugenzi aliutazama ule mwali, akaitazama lakiri ikianza kulainika, akanitazama mimi, ambaye kwa miaka yote hiyo sijawahi kuruka kanuni hata moja.

Nikangoja dakika tatu. Hakuna hata bwab.

"Sahihi hapa, Mkurugenzi," nikasema, nikamsogezea leseni. Akatia sahihi, na kalamu ikidondosha povu.

Umma unaarifiwa zaidi kwamba hadi naandika haya, katika vyombo vyote nilivyokagua, yeye ndiye aliyetulia kuliko vyote.